Gia Inayongoja

Ijumaa, 3 Juni 1988

Mhandisi Mjerumani wa dayosisi amerudi kwao. Ametuachia shuleni rundo la magazeti ya magari. Mimi Kijerumani sijui hata salamu, nimetazama picha tu, mpaka Skolastika akauliza kama kuna mwanamke humo ndani. Hakuna, mke wangu. Kuna giaboksi.

Lakini giaboksi gani! Gari la mashindano, klachi mbili. Sisi moja tu inatushinda. Lori la shule, lililobaki tangu vita vya Amin, wanafunzi wanalisukuma huku wakiimba.

Jumapili, 5 Juni

Baada ya ibada nimemkalisha Benigna kwenye ngazi za kanisa anitafsirie. Ni nesi, alisomea Ujerumani. Alilalamika kwamba yeye anajua matumbo ya watu, si ya magari. Lakini alisoma.

Ni hivi. Klachi moja inashughulika na gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine, ya pili na ya nne. Gari likiwa kwenye ya pili, ya tatu imekwisha kuingizwa, inangoja klachi yake tu. Na anayeingiza si dereva! Ni kompyuta, kasanduku kadogo. Kanasikiliza mwendo wa magurudumu, mzunguko wa injini, mguu wa dereva kwenye eksileta, kisha kanakisia gia ipi itafuata. Saa ikifika kanaachia oili isukume: klachi hii inalegea, ile inashika, kwa pamoja. Gari halipati hata nukta ya kwenda bila kushikwa.

Benigna akakunja gazeti. Akasema jana alikuwa Bakoba kumwona Kokuhirwa. Akaniuliza tumepanga nini juu ya Rozi.

Kokuhirwa ni dada yangu. Mumewe tulimzika mwaka jana, ugonjwa huuhuu unaomla yeye sasa. Rozi, binti yao, ana miaka minane. Nilijibu kwamba mvua inakuja. Haikuja.

Jumatano, 8 Juni

Nimekwenda Bakoba kwa baiskeli. Kokuhirwa alikuwa anamenya ebitoke, ndizi za kupika, ameketi, anapumzika kila baada ya kidole kimoja. Akanicheka kama kawaida: mwalimu wa magari anayefika akihema juu ya baiskeli isiyo na gia hata moja.

Halafu akasema anataka kuona kwa macho yake Rozi atakaa wapi. Nikamwambia asiseme hivyo. Kwetu mtoto hupewa mlezi matanga yakiisha, ukoo umeketi. Kumgawa mama yu hai ni kumchimbia kaburi. Tena Rozi ni wa ukoo wa baba yake, na msemaji ni Lameki wa Muleba, baba yake mdogo. Mimi mjomba tu. Yote hayo anayajua kuliko mimi.

Nami nikiogopa huwa nafundisha — ndio ugonjwa wangu. Nikamweleza klachi mbili, zote, hadi oili. Alisikiliza, kisu mkononi. Kisha akapanga: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Rozi alale kwake. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, alale kwetu Rwamishenye.

Nikauliza, na Jumapili?

Hiyo ni rivasi, akasema. Wote turudi kanisani.

Jumatatu, 13 Juni

Darasani tumeunda klachi mbili za mbao. Shafti, fimbo za kuzungusha gia, moja ndani ya nyingine, kamba badala ya oili, na mimi ndiye kompyuta. Nilivuta kamba zote mbili kwa mpigo. Gia mbili zikashika shafti moja, kila moja inataka mwendo wake. Paa! Shafti vipande viwili. Darasa likashangilia kama tumefunga goli.

Sasa nimeelewa ukurasa ule wa michoro. Kuingiza gia mbili si kosa, mradi moja ingoje. Kosa ni klachi zote mbili kushika kwa nguvu zote. Kazi ngumu ya kale kasanduku ni kupima: hii ilegee kiasi gani, ile ishike kiasi gani. Ikichelewa gari linakosa nguvu. Ikiwahi, linavunjika.

Alhamisi, 16 Juni

Nimevunja tena, safari hii si mbao.

Wiki iliyopita nililibeba sanduku lote la nguo za Rozi hadi kwetu. Nilidhani nasaidia. Skolastika naye, kwa upendo wake wote, akamzoesha kumwita mama. Jana mtoto akalitamka kule Bakoba, "mama alinipikia," mbele ya mama yake. Kokuhirwa hakumgombeza. Leo, nilipokwenda kumchukua Rozi, alinishika mkono mlangoni.

"Bado nipo, kaka."

Basi.

Rozi amelia njia nzima, juu ya keria. Jioni nimerudisha sanduku. Skolastika amemwambia mtoto amwite anti, kisha akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko chakula kinavyohitaji.

Jumanne, 21 Juni

Kokuhirwa ana nafuu! Jirani anasema kalima kijishamba kidogo cha maharage. Amekula, amemtania mchungaji. Nimefurahi, halafu nikaona haya. Maana siku zote hizi nimekuwa nikimsoma kama sahani ya spidi: leo kashuka kiasi gani.

Nimemrudia Benigna na swali. Kompyuta ikikisia vibaya je? Akatafuta ukurasa. Inaweza kuingiza gia ya juu ikitegemea dereva ataongeza mwendo, kumbe anakanyaga breki. Hapo inaitoa ile iliyokuwa ikingoja, inaweka nyingine. Inachelewa kidogo. Mwandishi hasemi kama inaona haya.

Nikamwuliza kama nafuu hii itadumu. Akasema furahi nayo, Mwalimu.

Jumamosi, 25 Juni

Lameki amekuja. Anaendesha lori la samaki, na habari zimemfikia Muleba kwamba mjomba anamhamisha mtoto wa ukoo kipande kipande. Tumekutana kwa Kokuhirwa. Homa imemrudia tangu juzi, lakini alikuwa amevaa, amejifunga kitenge, ametoa kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili.

Lameki hakupaza sauti. Alisema mtoto hagawiwi na aliye hai. Alisema mimi ni msomi na wasomi hatuogopi kitu. Msomi! Nikajiona nafungua mdomo nifundishe, Kokuhirwa akaniwahi.

"Shemeji, ukipanda mlima wa Kamachumu na mzigo, gia moja imetoka, nyingine imekataa kuingia. Unakuwa wapi?"

Lameki akatafuna kahawa yake. Akasema unakuwa kwa Mungu, shemeji waitu. Lori linarudi nyuma nawe ndani.

"Mimi sitaki Rozi awe hapo. Hata siku za matanga."

Lameki alimtazama, halafu akanitazama mimi, kama vile anaangalia tairi la akiba. Akasema hawezi kuamua bila mkewe na wazee. Atakwenda na Rozi Muleba, wamwone, wasikie. Atamrudisha Jumatatu. Hakusema atarudi na jibu gani.

Rozi akapandishwa kebini, anacheka, hajawahi kukaa juu hivyo. Injini ikawaka. Lameki, mguu kwenye klachi, akainama dirishani akauliza swali dogo tu: Jumatatu amshushie wapi?

Jumatatu ni zamu ya Bakoba. Nilingoja Kokuhirwa aseme hapa.

"Mshushie Rwamishenye," akasema. Akashika nguzo ya baraza. "Kwa kaka."

Jumatatu, 27 Juni

Nimetoka Bakoba mchana. Kokuhirwa hajainuka kitandani, Benigna yuko naye. Dada ameuliza mara moja tu kama lori limepita.

Skolastika ametandika kitanda, akakitandua, akakitandika. Sanduku halipo, limebaki kule. Namwambia ni sawa. Anasema hajaniuliza.

Malori mawili yamepita, hayakupunguza mwendo. Sasa liko jingine, nalisikia linapanda kutoka chini. Mzigo mzito. Linalia kwa gia ndogo, na dereva bado hajabadilisha.