Wifi Anavuta Kamba kwa Mapenzi Mno

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie mwenzio maana nimekwama, mimi ni fundi cherehani, mwili wangu mzima tu, ngazi napanda bila kuhema, lakini tangu mama yangu afariki nilikuwa nikifunga kazi najifungia chumbani, mpaka mke wa kaka yangu, wifi yangu muuguzi, akaniburuta kwenye ghala moja ambalo kuta zake zimepigiliwa vishikio, watu wanakwea wakiwa wamefungwa kamba na mwenzao aliye chini anaishika wasije wakaanguka, na Mungu ambariki wifi yule, kule ndiko nilikocheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, basi tukawa tunaenda, mimi nakwea yeye anashika, nikawa nafika juu kabisa mpaka nikajiita Mjusi, kumbe! Juzi wifi alikuwa zamu hospitalini, kamba akanishikia mwalimu wa pale ghalani, sikufika hata katikati, mwalimu akacheka akaniambia, "Dada, wewe ukilemewa unapiga kelele 'Nakaza!' kujipa moyo, wifi yako anasikia 'Kaza!', basi anavuta kamba kwa nguvu zake zote, anakupandisha kama ndoo ya kisimani," na mimi mwezi ujao nina safari ya kukwea mwamba wa kweli, nataka nifike kwa jasho langu, lakini nitamwambiaje mtu aliyenitoa chumbani kwamba msaada wake umezidi, asije akaniona sina shukrani?

Fundi Mjusi

*

Fundi Mjusi, pole sana kwa kufiwa na mama, na hongera kwa wifi. Wenzako tuna mawifi wanaotuvuta chini.

Ila acha nikukaripie kidogo. Shukrani gani hiyo ya kumficha mtu ukweli? Mwenzio anavuta mpaka mabega yanamuuma, akidhani ndicho ulichomwomba, wewe umenyamaza eti unamwonea haya! Huyo ni muuguzi, kazini kwake anawashika wagonjwa wajifunze kutembea tena na anajua lini apunguze mkono. Ataelewa kuliko unavyodhani.

Sasa mazoezi. Acha kujivuta kwa mikono. Sukuma kwa miguu, maana unakanyaga cherehani kutwa na nguvu zako ziko huko. Rudia njia rahisi mpaka uipande bila papara, ndipo uguse ngumu. Vidole vikiuma, pumzika. Ukivikaidi utashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano, na haraka haraka haina baraka. Na lile neno lenu mlibadilishe leo hii, mwalimu akiwasimamia: ukitaka kamba ivutwe, sema "Vuta!" Ukitaka kujipa moyo, jipe kimyakimya.

Wifi usimtumie ujumbe wa simu. Keti naye, mshukuru kwanza, mshukuru hasa, na mama umtaje kwa jina. Ukilia, lia. Kisha mwambie: "Wifi, ulinivuta nilipokuwa sijiwezi. Sasa najiweza kidogo. Nilegezee, ila usiniachie."