Fomu ya Mizinga ya Tura

Jumatatu, 11 Mei

Chai, viazi vitamu, kompyuta. Kama jana. Nimebadilisha rangi ya fomu kutoka njano kwenda kijani kwa sababu njano ilikuwa inamuudhi Mama Agnes. Kijani inamuudhi zaidi. Nimeiacha.

Niandike hapa nisije nikajidanganya baadaye: fomu inafanya kazi. Nimeijaza mwenyewe. Mizinga mitano, kila mmoja na mti wake, kijiji chake na alama ya mwenyewe. Haikukwama hata mara moja. Sioni kwa nini naifungua tena na tena.

Uongo. Najua. Wafugaji nyuki wa Tura wanaingia porini Jumatatu ijayo. Wakishafika kambini hawaonekani mpaka asali itoke, na huko simu haishiki. Mnunuzi mpya anataka kila mzinga uandikishwe kabla ya kurina: ni wa nani, umetundikwa mti gani. Asali ya mzinga usioandikishwa hainunui. Hiyo itarudi kwa walanguzi, kama miaka yote, kwa bei wanayoitaja bila hata kushuka kwenye gari. Kwa hiyo mwisho ni Jumapili.

Na kwenye mkutano wa kikundi cha wafugaji Mama Agnes, katibu, mke wangu wa ndoa, alisimama mbele ya watu akasema: "Msihangaike kutafuta mtu Dar. Mume wangu ataitengeneza." Mume mwenyewe ni mwalimu wa hesabu aliyeacha chaki, akajifunza JavaScript kwa kutazama video akiwa tayari anavaa miwani. Sikumtuma aseme. Wala sikukataa. Nilifurahi, huo ndio ukweli.

Jumanne, 12 Mei

Tura. Aibu.

Nilifika na gari la kikundi. Nikamwamkia Mzee Maganga, mfugaji mkubwa kuliko wote pale. "Marahaba, Mzaramo. Leo umetuletea nazi au maneno matupu?" Ndivyo tulivyo. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, watani tangu enzi babu zao wakibeba mizigo kushuka pwani na babu zetu wakiwangoja njiani na chakula na ulimi mrefu. Mtani anakutukana nawe unamkaribisha chai. Anaweza kukuchukulia kitu chako mchana kweupe, na ukinuna, aliyeumbuka ni wewe.

Tukaanza. Mkewe, Bi Tatu, anaandika kwenye simu ya mzee. Mzee anataja. Sikujua anavyotaja. Hahesabu. Anafumba macho na kutembea njia yake ya porini kichwani, mti kwa mti: mninga wa kwenye kichuguu, mtundu uliopigwa radi, mkora, myombo, myombo wa pili yake. Mizinga yake inapita mia mbili. Mimi nilijaribu na mitano.

Walipofika kama wa arobaini simu ikaanza kuzembea. Bi Tatu anabonyeza, herufi haitoki. Anabonyeza tena. Mara zinamwagika zote kwa pamoja, mtuuundduu. Anafuta. Kufuta nako kunachelewa. Mzee yuko porini, kasimama chini ya mti, anangoja. Mwishowe akafumbua macho. "Nilikuwa wapi?" Hakuna aliyejua. Akarudi kwenye mninga wa kichuguu. Ikawa vilevile. Akarudi tena. Mara ya tatu alicheka mpaka akakohoa.

"Mzaramo, hii kitu umeijenga mwenyewe au umepewa na mganga?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Ndivyo ninavyofanya nikitaka kulia.

Kisha akanyoosha mkono taratibu, akachomoa simu yangu kwenye mfuko wa shati. Ile mpya, zawadi ya Agnes, binti yetu. Akaizima. Akaitia kwenye koti lake. Akanikabidhi yake, ina ufa kutoka kona hadi kona. "Kaa na yangu. Siku fomu yako itakapokimbia humo, njoo uchukue mateka wako. Na utamkomboa, Mzaramo. Bure hatoki."

Nilipofika nyumbani Chemchem, Tabora mjini, Mama Agnes alishapigiwa simu. Aliniongezea nyama. Mbaya sana hiyo.

Jumatano, 13 Mei

Nimeshinda na simu ya Mzee Maganga. Sikuwahi kufungua fomu yangu kwenye simu ya namna hii. Nilikuwa napimia kwenye kompyuta na kwenye simu aliyonipa Agnes, na zote mbili zina nguvu ya kuficha ujinga wangu.

Nimejaza mistari mia mbili ya uongo, nikaanza kuandika. Kweli. Unabonyeza, unaweza kupiga chafya, ndipo herufi inatokea.

Ubaya wenyewe naujua sasa. Maktaba ya JavaScript ninayotumia inakufanya ujenge ukurasa kwa vipande vipande. Kisanduku ni kipande, mstari wa mzinga ni kipande, fomu yote ni kipande kikubwa kilichobeba wenzake. Mimi nikaweka kila neno linaloandikwa kule juu, kwenye kile kikubwa. Nilidhani ni nadhifu. Kumbe kila herufi moja ya Bi Tatu, kile cha juu kinashtuka, kinachorwa upya, na kinawashtua watoto wake wote. Mistari mia mbili inaamshwa kwa sababu ya herufi m. Ni kama kupaka rangi nyumba nzima kwa kuwa inzi katua ukutani.

Nikaweka kizuizi: mstari ambao haujabadilika, usichorwe. Nikajaribu. Hakuna tofauti. Nikasoma msimbo mara tano. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi. Nikatoka tena. Mama Agnes dirishani: "Baba Agnes, unatafuta kuku? Hatuna kuku."

Naogopa. Siogopi fomu. Namwogopea yeye kusimama tena kwenye ule mkutano.

Alhamisi, 14 Mei

Kosa nimelipata nikinyoa ndevu. Kila fomu inapochorwa nilikuwa naupa kila mstari maagizo mapya, maneno yaleyale kwenye karatasi mpya. Mstari ukiona karatasi mpya unajua mambo yamebadilika. Unaamka. Nimeyaandika maagizo mara moja tu, mistari yote inatumia hayohayo. Nikatoka bafuni na povu shavuni.

Afadhali. Si sana. Nikaongeza jingine: simu isichore mistari yote, ichore ile inayoonekana kwenye kioo tu. Ukishuka, ya juu inaondoka, ya chini inaingia. Na kila mstari uyashike maneno yake wenyewe, usimsumbue mkubwa.

Ikaruka! Simu ya ufa ikaenda kama imetoka dukani leo. Nikamwita Mama Agnes. Akabonyeza, akaangalia, akabonyeza. "Ee, hapo sawa." Kwa mtu wa Tabora huo ni wimbo wa sifa.

Nimeituma Tura. Bi Tatu ana simu yake, ndugu wa hii yenye ufa. Ataanza kesho.

Nimekula vizuri. Nimejisifu kidogo kwa fundi baiskeli. Hakuelewa, lakini alikuwa na adabu.

Ijumaa, 15 Mei

Siku mbaya kuliko zote.

Bi Tatu alipiga kabla ya saa sita. Alianza na mzee alfajiri. Wametembea njia nzima, mpaka mzinga wa mwisho, bila kukwama. Akapandisha juu ahakiki. Visanduku vitupu. Akashuka. Vitupu. Iliyobaki ni ile mistari michache iliyokuwa machoni.

Sikuhitaji kufungua kompyuta. Mstari ukitoka kwenye kioo unakufa. Nami ndiye niliyeuambia ushike maneno yake wenyewe. Ukafa nayo. Asubuhi nzima ya mzee mwenye miaka yake, macho kafumba, anatembea. Mimi nimefuta njia nyuma yake.

Nilisikia sauti yake kwa nyuma, mbali na simu: "Mwambie Mzaramo sijachoka. Mwambie ila miguu inauma." Bi Tatu akacheka. Mimi sikuweza.

Mama Agnes alirudi jioni na daftari kubwa tano kwenye mfuko. Akaziweka mezani karibu na kompyuta yangu. "Nimechukua tu, kama ikibidi." Hakusema kwa ubaya. Mnunuzi alishasema hapokei karatasi. Anajua. Amenunua hivyohivyo, apate cha kushika.

Nina hasira na mimi mwenyewe. Tu.

Jumamosi, 16 Mei

Umeme umekatika asubuhi. Lazima ukatike. Nimebeba kompyuta mpaka Kitete, kwa rafiki yangu mwenye duka la kutoa nakala. Ana jenereta. Amenipa stuli nyuma ya mashine. Watu wanatoa nakala za vyeti, mimi nabadilisha fomu niliyoijenga miezi miwili.

Nimeacha werevu. Maneno yote nimeyaweka nje ya vipande, ghala moja pembeni, si kwa mkubwa wala kwa watoto. Kila mstari unasikiliza rafu yake tu kwenye ghala. Rafu ya jirani ikiguswa, hausikii, unalala. Mstari ukitoka kwenye kioo na ufe salama, maneno yamebaki ghalani. Ukirudi unayakuta. Na ghala linajiandika ndani ya simu, mtandao ukipatikana ndipo linatuma.

Jingine. Fomu ilikuwa inakagua kila herufi. Mtu hajamaliza kuandika mninga, inamwekea wekundu, "mti huu haujulikani". Bado yuko njiani, wewe unamkaripia! Sasa inakagua akishatoka kwenye kisanduku. Hiyo peke yake imeondoa uzito ambao sikuujua.

Kisha nimefanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nimekaa na simu ya ufa, nimeandika mizinga mia tatu kwa kidole. Myombo, myombo, mtundu, myombo. Nikapanda. Nikashuka. Nikaizima ghafla katikati ya neno. Nikaiwasha. Maneno yapo. Nikaizima tena. Yapo.

Mwenye duka akaniuliza kama nimeanza biashara ya mbao.

Kidole kinauma. Siamini bado. Alhamisi pia niliamini.

Jumapili, 17 Mei

Tura, baada ya misa. Mama Agnes naye amekuja. Katibu lazima awepo, amesema. Njiani alikuwa na zile daftari mapajani.

Wafugaji wote walikuwepo, wengine na mizigo tayari kwa kesho. Nikamwomba Mzee Maganga msamaha wa Ijumaa. "Mzaramo akiomba msamaha mvua inanyesha kiangazi. Kaa."

Akafumba macho. Mninga wa kichuguu. Bi Tatu akaandika. Mtundu wa radi. Mkora. Nilikaa mahali nisipoona kioo, sikutaka kuona. Nilikuwa nasikia tu. Mti, kimya kidogo, mti. Watu waliokuwa wakipiga soga wakaacha. Kuna mahali alipunguza mwendo, akasema mti fulani kisha jina la kaka yake marehemu, kwamba mzinga ule waliutundika wote wawili. Bi Tatu hakuandika jina. Alingoja. Akaendelea naye.

Alipofika wa mwisho alifumbua macho akatazama huku na huku kama mtu aliyeteremka kwenye gari la moshi. Bi Tatu akapandisha mpaka juu. Polepole. Nilijua anapandisha kwa sababu alikuwa anasoma kwa sauti, kinyumenyume, mti baada ya mti, na yote ilikuwepo.

Wengine wakashika simu zao. Mpaka jua linainama walikuwa wamemaliza, isipokuwa wawili waliotangulia porini Ijumaa walipoona mambo yamekwama. Hao asali yao itakwenda kwa walanguzi. Hao ni deni langu. Nimewaandika hapa.

Ukombozi wa mateka: mzinga mmoja wa gogo, kichwani mwangu, kutoka stoo mpaka kwenye mkokoteni. "Babu zetu walibeba mpaka kwenu. Na wewe beba." Nilibeba. Niliyumba. Wanawake walipiga vigelegele vya kejeli, Mama Agnes akiwa mbele yao wote, katibu mzima, anapiga makofi. Nilipewa simu yangu. Bado imezimwa vilevile. Nilimrudishia yake, nikajikuta nimeizoea.

Jumanne, 19 Mei

Kimya. Tura wameshaingia porini tangu jana. Hakuna anayepiga. Hakuna cha kurekebisha. Nimefungua kompyuta mara tatu, nikaifunga. Nimefagia uani, nikafagia tena palepale.

Mama Agnes amekwenda kwa mnunuzi. Amerudi saa tisa. Akavua viatu mlangoni, akakaa, akakunja miguu chini ya kiti. Mnunuzi amepokea yote, akasema. Mizinga yote iliyoandikishwa.

Nikamletea maji. Akayanywa yote. Aliporudisha bilauri hakuiachia mara moja.

"Wabeja," akasema.

Kinyamwezi anazungumza na mama yake na dada zake. Mimi huwa ananishukuru kwa Kiswahili, ninapostahili, miaka yote hii. Nikasema haya. Kisha nikatoka nje kuanua nguo, zilikuwa zimekauka.