CD Niliyoisugua kwa Dawa ya Meno

Amherst, Buffalo
8 Novemba 2015

Mpendwa mwanangu Editha,

Hujambo mama? Kazi ya duka la dawa inakwendaje, na lile goti lililokuwa likikusumbua limepona? Sisi huku tu wazima. Baba yako mdogo Tarcisius ameshaweka matairi ya baridi na theluji yenyewe haijaonekana. Unamjua kwa woga wake.

Nasikia maduka yenu ya Morse Road sasa yanaleta ndizi mbichi kila Alhamisi. Una bahati. Hizi za supamaketi ya huku hazilainiki hata uzichemshe kutwa.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningejiumauma na kubadilisha mada, kama nilivyofanya mwaka mzima na zaidi. Ile CD yako ya Wajapani niliiharibu mimi. Gracieuse hakuifanya lolote.

Unakumbuka kiangazi cha mwaka jana, mwenzio Gracieuse, mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi, alipokuja kututembelea kutoka Louisville. CD hiyo ulikuwa umeiagiza Japani kwenyewe, ukaisubiri miezi mitatu, ukatuhubiria mezani kwamba bendi za Marekani na Ulaya zote zimejifunza kwenye albamu hiyo moja. Ukamwazima Gracieuse, asubuhi akairudisha, akaiacha mezani jikoni, mkatoka. Nikasema ngoja nami niusikie huo muujiza. Wimbo wa pili, sauti ya yule dada mwimbaji ikakwama: ki-ki-ki-ki. Nikajua imechafuka tu. Nikaitoa, nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua kama tulivyozisugua CD za harusi kule Bukoba. Tena kwa sponji ya sufuria, upande ule mkali! Nilipoirudisha haikusoma kabisa. Nikaifuta, nikaifungia kwenye kasha lake.

Jioni ulipoona mikwaruzo, mwenzio akaapa hajui kitu. Ukamwambia, "Nyie watu wa kambini hamjui kutunza vitu." Nilikuwa pale pale, mwiko mkononi. Nikaendelea kukoroga. Niliona haya kuonekana mshamba mbele yenu, basi, hiyo ndiyo sababu yote. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake akapanda basi.

Sasa mwezi uliopita nilikwenda Louisville kwenye harusi ya Caritas, binti wa Zenoni. Nani kaja kunipokea kituoni? Gracieuse. Anafanya kazi ghala moja na Caritas, anakaa Shively, ana gari lake. Alinikumbatia, akanibebea begi. Tulipoondoka akawasha muziki, Wajapani wale wale. Wimbo wa pili, mahali pale pale: ki-ki-ki-ki. Nikamwambia, mwanangu, hata yako imeharibika. Akacheka.

"Hapana, mama. Balifanyaka vile makusudi. Ngoja kwanza."

Nikangoja. Editha, inakwama karibu nusu dakika, mpaka unataka kushuka garini. Halafu inafunguka yote kwa mkupuo, ngoma, makofi, filimbi, na yule dada anaimba taratibu kama mtu anayekata vitunguu peke yake jikoni. Sikuelewa hata neno moja. Lakini ujana wangu wote nilicheza nyimbo za Kilingala bila kuzielewa, na machozi yakanitoka vile vile. Nimejua sasa nyie wawili mlikuwa mnafuata nini humo. Mimi nilizima kabla haijafunguka.

Tulipofika kwenye taa nyekundu nikamwambia kila kitu. Taa ikawa kijani, hakuondoa gari mpaka la nyuma likatupigia honi.

"Mama, sasa juu ya nini haukusemaka?"

Kwa nini sikusema: hilo ndilo swali nililorudi nalo Buffalo.

Tulipofika kwa akina Caritas akafungua droo ya gari, akatoa CD nyingine, ile ile ya Kijapani, bado ina nailoni yake. Aliinunua wiki ile ile aliyorudi kwao, ili akurudishie. Kisha akaogopa kuituma, maana alijua ukiipata utasema, ndiyo, amekubali kosa. Imekaa humo garini tangu wakati huo. Mtoto wa watu alikuwa tayari kubeba uchafu wangu, nami nilikuwa nalala usingizi. Najichukia nikikumbuka.

Ameniruhusu nikutumie. Imo kwenye bahasha hii, na namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya barua. Maneno uliyomwambia yalikuwa yako, siwezi kukubebea. Ila ningefungua mdomo wangu dakika moja tu, usingeyasema. Nisamehe, mwanangu.

Nisalimie kaka yako Ruta na mkewe, mwambie suruali yake aliyoisahau hapa bado ninayo. Baba yako mdogo anakusalimu sana. Yeye pia nilimficha, nimemwambia jana, na hasemi nami vizuri. Mungu akutunze kazini na njiani, akupe moyo mwepesi kuliko huu wangu.

Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Mpigie yeye kwanza.

Akupendaye, japo kwa kuchelewa,
Mama yako mdogo,
Albina