Kiraka cha Boneti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nianze na kifua chako. Mama aliniambia kwenye simu kwamba kikohozi kimepungua, lakini mama tunamjua, hata ukiwa hoi atasema unaendelea vizuri. Naomba unijibu wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako, kama bado unasimama njiani kutafuta pumzi ukitoka nyumbani kwenda karakana. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimia sana, na wajukuu zako kila nikigeuka viatu vimewabana. Mimi ni mzima, ila mzima wa kuchoka. Stoo tumebaki wawili tunaofanya kazi ya watu watano, na nikifika nyumbani hata kuvua soksi naona ni kazi nyingine.

Ujumbe wako niliupata, kwamba mwisho wa mwezi unakuja kunikabidhi ufunguo wa karakana, kwa kuwa miaka arobaini ya kupuliza rangi imetosha na daktari amekukataza kabisa kugusa thina ya kuyeyushia rangi. Niliusoma nimekaa kitandani, nikausoma tena, kisha nikamwambia mkweo kichwa kinaniuma. Naomba uvumilie urefu wa barua hii. Kwenye simu ningebabaika, wewe ungekohoa, nami ningepata kisingizio cha kukata.

Basi nilisema, mzee anakuja, na gari ulilipaka rangi wewe mwenyewe nilipooa, ile rangi ya damu ya mzee ambayo watu walikuwa wakisimama kuiangalia. Sasa hivi ungeliona ungelia. Limefubaa, na ukilitazama juani lina mikwaruzo ya duara kila mahali, yote ya kufutwa na matambara makavu. Jumapili nikaamua kulishughulikia hapa hapa uani. Nikaliosha kwa ndoo mbili kama ulivyonifunza, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, nikalisogeza kwenye kivuli cha ukuta, nikapitisha ule udongo laini wa kung'oa uchafu ulioganda, mpaka kiganja kikateleza bila kukwama. Jirani akaniazima mashine yake ya kupolishi. Mlango wa kwanza ulipotoka uking'aa, ah, baba, nilijisikia mtu! Nilimwita mkweo aje ajione sura yake mlangoni. Akasema anajiona vizuri tu, na anaona pia jinsi alivyochoka.

Kosa likaja kwenye boneti. Unajua ulivyokuwa ukitugombeza kuhusu kingo, kwamba pale rangi ni nyembamba, zizibwe kwa utepe wa karatasi na zisuguliwe kwa mkono tu. Utepe nilikuwa nao mfukoni. Lakini mikono ilishakufa ganzi, nikajiambia kidogo tu, nimalize nikalale. Mashine ikapanda kwenye ukingo, ikala vanishi, ikala rangi, nikaona weupe wa praima iliyo chini ya rangi, urefu wa kidole. Nikazima, nikakaa chini kwenye maji ya sabuni. Sikuwa hata na nguvu ya kujitukana.

Nikakumbuka lile boksi la makopo madogo uliloniachia, ya rangi zilizobaki. Lebo zote zimeliwa na thina. Nikafungua mawili, nikayalinganisha na boneti, nikachagua moja, nikapaka kwa brashi ndogo, taratibu, tabaka tatu, na kila moja nikaisubiri ikauke. Nikarudi nyuma nikatazama. Kwangu mimi hapakuwa na alama yoyote. Nilifurahi, baba, nisikufiche. Nilisema kumbe damu ya fundi bado imo.

Mkweo akatoka kuanua nguo, akauliza mbona nimelipaka gari matope. Nikadhani utani, maana unamjua. Akasema kweli tena, kuna kiraka cha kahawia kwenye gari jekundu, hata kipofu atakiona. Mimi bado nacheka, nikijitahidi kucheka, mpaka akashusha nguo kwenye kamba, akazipanga mbele yangu na kuniambia nimwonyeshe ya rangi ya gari. Nikaonyesha. Akasema hiyo ni ya kahawia. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, nimekuwa hivi tangu lini.

Alinipeleka kwa daktari wa macho kesho yake. Wakanionyesha madoa ya rangi, nitaje namba zilizomo ndani, nami nikawa naona madoa tu. Daktari alisema ni upofu wa rangi, nimezaliwa nao, hauna dawa, na mara nyingi hurithiwa kupitia kwa mama. Nikamkumbuka mjomba, yule aliyekuwa akija kututembelea na soksi mbili tofauti tukamcheka mpaka machozi. Tafadhali mama usimwambie hilo la urithi, atajilaumu bure.

Baba, sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikizunguka tangu mwanzo wa barua. Daktari amenipa jina la kitu tu, kitu chenyewe nilikijua tangu utotoni. Karakana nilikuwa nikichanganya rangi kwa kukariri lebo na mpangilio wa makopo yako kwenye rafu. Wewe ulikuwa ukitania kwamba fundi anayesoma lebo ni karani, nami nilikuwa nacheka, kisha narudi kukariri.

Unaukumbuka mlango wa gari la daktari wa meno, miaka kumi na moja iliyopita, ulipokwenda kumzika shangazi? Ulirudi ukakuta mlango una rangi yake na gari lina yake, mwenye gari anafoka mbele ya wateja. Ukauliza nani alichanganya. Fundi wako Msasa alikuwa ameshika bunduki ya kupulizia rangi anaisafisha, basi ukamwangukia yeye. Ukamwita mlevi, mtu ambaye hata soda alikuwa hanywi, ukamfukuza mbele ya watu wote baada ya miaka kumi na tisa ya kufanya kazi na wewe. Baba, niliyechanganya ni mimi. Mtu alikuwa amesogeza makopo ili afagie rafu, nami nikachukua la mahali pale pale kama siku zote, bila kusoma lebo. Msasa alinitazama, nikainamisha kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sikuwa mtoto.

Miezi miwili baadaye nikakuaga, nikasema thina inaniumiza kifua. Uliamini, ukajilaumu kwa kunilea ndani ya ule moshi. Nilisingizia kifua, na kilichoharibika kikawa chako.

Jana nilimtafuta Msasa. Nilimkuta anapaka mageti kwenye kiwanja cha mtu, amekonda, ila mkono wake ni ule ule. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, maana hakuniambia niketi. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Akasema alijua siku ile ile. Aliniona nikichota kwenye kopo lisilo la rangi ile, alitaka kunizuia, akajizuia mwenyewe kwa kudhani mtoto wa fundi ana lake analolijua. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema angesema nini, kwamba mwana wa tajiri wake haoni rangi, mbele ya baba yake na mbele ya wateja? Alidhani ningesema mwenyewe kabla ya jua kuzama. Kisha alidhani kabla ya wiki kwisha. Mke wake, alisema, alikufa akiamini mumewe alifukuzwa kwa ulevi.

Nilimwomba arudi karakana, kwamba nitazungumza na wewe. Akasema mimi sina uwezo wa kumrudisha, kwa sababu si mimi niliyemfukuza. Aliyemtoa mbele ya watu aje amwite mbele ya watu. Akaniomba nimpishe, nilikuwa nimemzibia mwanga.

Kwa hiyo, baba, ufunguo usiniletee. Siustahili, na hata ningeustahili ningekuharibia jina kwa mlango wa kwanza. Hasira zako nitazipokea zote, andika au njoo unitukane uso kwa uso. Ila ukifunga safari, tafadhali anza kwa Msasa kabla ya kufika kwangu. Nimekuandikia mahali alipo nyuma ya bahasha. Nenda mchana, wakati mafundi wenzake wote wapo.

Msalimie mama, na mkweo anasema usisahau dawa zako njiani.

Mimi mwanao wa kwanza,
niliyenyamaza.