Mlinzi wa Mizani Kaandika Jina Langu

Mustafa, haki ya Mungu hili ni kweli tupu. Usinicheke kama ulivyocheka kisa changu cha simba aliyepanda treni kule Kigwa.

Asubuhi mfumo wa kompyuta wa chama chetu cha asali umeganda. Warina asali sitini wako getini na ndoo zao, mizani haitoi risiti. Meneja kamwambia Najiat, binti anayeutunza mfumo, "Saa nne ikifika bado, urudi kwenu."

Nikamwambia Najiat ni wadukuzi wa ng'ambo ya bahari. "Akiwa mtu wa humu ndani, nakulipa dumu zima la asali."

Kule kwenye mfumo kila huduma ina mlinzi wake, programu inayoandika nani kaigongea kuuliza kitu na mara ngapi. Najiat kafungua grafu ya mlinzi wa mizani. Mizani inagongewa mara elfu tisa kwa dakika. Elfu tisa, Mustafa!

Kafuata mstari mpaka kwenye anwani ya kompyuta. Kanigeukia.

"Babu Abbasi, hii si yako?"

Ni ile programu niliyojifundisha kuandika jana, ya kuuliza uzito wa asali yangu. Niliisahau ikiuliza mpaka leo.

Kaizima. Mizani ikaamka saa nne kasoro dakika mbili.

Nikampa dumu. Kaonja kwa kidole.

"Babu, hii ina maji ya sukari."

Ndiyo maana nakwenda nyumbani kuchukua la kweli.