Mita Tisa Upande wa Kushoto

3 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima, na pampu zako pia. Mimi moyo bado unadunda, ingawa daktari anausikiliza kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Amesema ni miezi, si miaka.

Uliniandikia kwamba bei ya shaba ikiendelea kulala hivi, mgodi utafungwa Juni, kwa sababu umeme wa kusukuma maji nje unakula kila mnachochimba. Pampu zikizimwa maji yatapanda, na hata bei ikirudi hakutakuwa na mgodi wa kurudia. Nimeisoma barua hiyo mara nne. Kuna jambo nimelificha miaka thelathini na moja.

Unalijua lile handaki lililoachwa kule bondeni. Lilikusudiwa kuteremsha maji yote hadi mtoni bila pampu. Lilichimbwa kutoka bondeni na kutoka mgodini, pande mbili zikutane katikati. Mpimaji nilikuwa mimi. Kila Jumatatu nilipaswa kukagua vigingi vya kupimia, vilivyowaonyesha wachimbaji mwelekeo. Jumatatu moja nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, nikatia sahihi bila kukagua. Kigingi kimoja kilikuwa kimegongwa na toroli la mawe. Pande mbili zikapishana.

Msimamizi wa wachimbaji, yule tuliyemwita Nyundo, alikuja ofisini kwangu akasema, "Mpimaji, wenzetu nawasikia kushoto, si mbele." Nikamwambia ni mwangwi. Nilipogundua kosa langu, bei ilikuwa imeanguka kama sasa na wakubwa walikuwa wakitafuta sababu ya kuacha. Nikawapa: niliandika kwamba mwamba ni mbovu. Nyundo alibisha mbele yao, wakamwita mwongo, wakamshusha cheo. Nilikuwepo. Nilinyamaza.

Nimerudia hesabu kwa daftari langu la zamani. Zimebaki mita tisa tu, upande wa kushoto. Waoneshe wakubwa wako barua hii, na jina langu usilifute.

Baba yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Unakula, au bado unamlisha paka?

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Nikiwa na miaka minane ulininunia wiki nzima kwa sababu nilikudanganya kuhusu alama zangu za hesabu.

Meneja aliisoma barua yako akiwa amesimama. Migodi miwili ya jirani imeshafungwa. Wanunuzi wanasema bei inaweza kuamka baada ya miaka miwili, naye anaamini tukiondokana na gharama ya pampu tutafika. Ametupa wiki nne tutoboe kwanza tundu jembamba.

Nilikwenda kwa Nyundo. Siku hizi anatengeneza baiskeli. Nilimsomea barua, akaniomba nirudie pale penye mwangwi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwangwi gani ule uliokuwa ukifanya kazi sisi tukiwa tunakula?" Kisha akaendelea kuziba tairi. Nilidhani yameisha. Asubuhi nilimkuta getini mwa mgodi amevaa kofia yake ya zamani.

Binti yako

24 Aprili

Baba,

Shikamoo, na vuta pumzi kwanza.

Tundu limepenya jana, mita tisa na shubiri moja. Upepo baridi ulitoka ukampiga Nyundo usoni, naye hakusogea. Sasa tunalipanua. Likikamilika Juni, tutazima pampu zote isipokuwa mbili. Wenzetu arobaini bado wako likizo bila mshahara, na bei haijainua hata kope. Lakini ile barua ya kufunga mgodi meneja ameirudisha kwenye droo.

Barua yako ya kumwomba radhi Nyundo nilimpa. Hakuifungua. Alisema, "Sipokei karatasi yake nyingine. Ile ya mwamba mbovu ilinitosha. Aje apite humo mwenyewe, mimi nikiwa mbele."

Nimemweleza hali yako. Akasema yeye pia si kijana.

Binti yako

6 Juni

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia kwamba maji yameanza kuteremka. Mimi pia nateremka, ila polepole.

Daktari amekataa. Dada yako amekataa. Jirani mwenye gari amekubali. Mwambie Nyundo miguu yangu haiaminiki tena. Namwomba anivumilie na kiti cha magurudumu. Nitafutie kofia ndogo, kichwa kimepungua.

Usijibu barua hii, jibu halitanikuta hapa. Tunaondoka Jumamosi alfajiri. Na Nyundo akisema kushoto, tutakwenda kushoto.

Baba yako