Jina la Mama Kwenye Simu Mbili

Baba Celestine,

Omena iko kwenye sufuria ndogo. Ugali songa mwenyewe. Nimeenda sokoni Kibuye na Mama. Ndiyo, mama yako, na tumeenda pamoja, kwa hivyo toka mafichoni.

Asubuhi ulipomwomba Mama akupigie ili usikie simu yako iko wapi, Celestine aliitoa chini ya mto wa kochi akasoma kwa sauti ya kanisani: "Mama Maswali anapiga!" Wewe ukakumbuka kazi ghafla. Mimi nikabaki na mama mkwe na chai inayopoa.

Jina hilo niliandika kwenye simu YANGU. Lakini nani aliweka akaunti yake kwenye simu yangu mpya, eti namba zisipotee? Barua pepe yangu ya zamani ilikuwa na adabu: barua inashuka kwenye simu, nikiifuta hapa, kule ilikotoka inabaki. Haya majina yanatembea pande zote mbili. Nikiandika kwangu, kwako tayari limefika.

~~Leo utoe akaunti yako kwangu.~~ Iache tu. Nimeona umeniandika "Bosi Mkubwa", nataka kusoma na mengine.

La Mama nilibadilisha nikaweka "Mama Mpendwa", nikamwonyesha. Alivaa miwani, akasoma polepole, akasema: "Rudisha lile la kwanza. Nani amekuambia nimemaliza?"

Nimerudisha. Swali linalofuata ni lako: mbona uliacha chai mezani ukakimbia? Anataka jibu tukirudi.

Mama Celestine